Mwenye Njaa Hapigi Hodi



Ndugu wasomaji, wengi wetu tulipokuwa kwetu tuliamini kwamba Marekani hakuna njaa. Njaa ipo, ila haina sura tuliyoizoea. Hailetwi na ukame wala nzige. Huletwa na kodi ya nyumba inayomeza mshahara mzima. Mtu huenda kazini amevaa vizuri, na kabatini mwake hamna hata kibaba cha mchele.

Mwaka 2025 ulitufunulia haya waziwazi. Tarehe 4 Julai ilitiwa saini sheria iliyowaondolea wakimbizi na waliopewa hifadhi haki ya kupata SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali, mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Miongoni mwao wamo ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Kisha tarehe 1 Oktoba serikali kuu ilifungwa kwa kukosa bajeti, isifunguliwe hadi 12 Novemba. Watumishi wake, ambao ni wengi mno katika eneo letu hili, walikaa bila ya mishahara, na fedha za SNAP za Novemba zikachelewa. Waliozoea kutoa wakawa wahitaji.

Vyombo vya kusaidia havikosekani. Capital Area Food Bank, iliyoanzishwa mwaka 1980, huyapelekea chakula mashirika madogo ya Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia. Manna Food Center imekuwa ikiwahudumia wakazi wa Montgomery County tangu 1983. Mpango wa WIC huwasaidia waja wazito, mama waliojifungua karibuni na watoto walio chini ya miaka mitano, wenye kipato kidogo. Tena mtoto aliyezaliwa hapa ni raia: aweza kupata SNAP hata ikiwa mzazi wake hana haki hiyo, maadamu masharti ya kipato yametimia.

Kilichopungua, basi, ni njia ya kumfikia mwenye njaa bila ya kumvunjia heshima. Mwenye haya hasemi. Ukimwambia, "Ukiwa na shida uniambie," umemtwika mzigo mzito kuliko njaa yenyewe. Yafaa sisi tumtangulie.

Kwanza, tufuatane naye. Mwenye gari ampeleke jirani yake penye kugawiwa chakula; ajuaye Kiingereza amsaidie kujaza fomu, kisha ayafiche aliyoyasoma humo.

Pili, tutoe kinacholika. Baadhi ya makopo yanayogawiwa yana nyama ya nguruwe, na mama huweza kujikuta amebeba mfuko mzito ambao sehemu yake haingii jikoni mwake. Tupeleke mchele, unga, maharagwe makavu, mafuta ya kupikia na nyama ya halali.

Tatu, tumwachie mpokeaji nafasi ya kutoa. Kwetu pwani sahani ya jirani hairudishwi tupu. Asiye na kitu hutia japo ndimu mbili. Desturi hiyo ndogo ilificha hekima kubwa, kwani hakuna aliyebaki kuwa mpokeaji tu. Hapa pia, aliyepewa mchele leo aombwe kesho kuwatazama watoto wa mwenzake, au kushika mwiko siku ya futari ya jamaa.

Zakatul-fitri huwa pishi moja kwa kila mtu, mara moja kwa mwaka. Lakini njaa haingoji Idi. Pishi ni vibaba vinne. Kila nyumba ikiweka kando kibaba kimoja kwa wiki, mwezi ukiisha itakuwa na pishi kamili. Nyumba ishirini zitakuwa na pishi ishirini, zikabidhiwe watu wawili waaminifu, wazifikishe usiku, pasi na kutaja majina ya waliotoa wala ya waliopewa.

Tuanze mwezi huu. Wabillahi tawfiq.