Vumbi la mawe halikamati mapafu peke yake

Sisi ba shimoni, tukisikia vumbi, tunafikiria mapafu tu: silikosi, kifua kikuu, kikohozi kisichoisha. Lakini vumbi la mawe iko na deni lingine.

Mwaka 1953, huko Wales, munganga Anthony Caplan aliandika juu ya vivimbe vya pekee katika mapafu ya wachimbaji wa makaa waliokuwa wanavimba viungo. Nyuma yake wataalamu walikuta kwamba mutu anayevuta vumbi la silika miaka mingi anaweza kupata lupusi kuliko wengine.

Namna gani? Mwili uko na askari wake katika damu. Kuna wale wanaomeza uchafu. Wakimeza silika, hawawezi kuiyeyusha: wanakufa, silika inatoka, wengine wanaimeza tena. Moto hauzimiki. Kwa batu wengine askari wanachanganyikiwa, wanaanza kupiga mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo. Ndiyo lupusi. Wagonjwa 9 kwa 10 ni wanawake. Ninyi ba mama mnaoponda na kuchagua mawe, musikie vizuri.

Moto ule hauishie kwenye viungo. Unazuia insulini kufanya kazi yake, sukari inabaki katika damu, mafuta yanaziba mishipa ya moyo. Dawa ya kotizoni inatuliza askari, lakini ikimezwa siku mingi inapandisha sukari, presha na kilo. Uso unavimba, jirani wanasema amerogwa. Hapana, hakurogwa. Lakini asiache kotizoni kwa ghafula, inaweza kumuua; munganga ndiye anapunguza polepole. Iko dawa ingine, ndugu ya klorokini yetu ya zamani ya malaria, inayosaidia bila kupandisha sukari.

Kwa hiyo, mwenye kuchoka bila sababu, viungo vinauma asubuhi, jua linamuwasha usoni, aende kupimwa. Mwenye lupusi apimwe pia sukari, presha na mkojo kila mara, apunguze chumvi na vinywaji vya sukari, atembee kadiri ya nguvu zake.

Na sisi katika sendika tunaendelea kudai: maji wakati wa kutoboa mwamba, maski za kweli, na vipimo vya damu pamoja na picha ya mapafu. Kwenye mukutano wa delege, muulize hayo kwanza, mbele ya hesabu ya mushahara.