Nani Yumo Kwenye Kura?

Muhammad Ali alimaliza masomo yake Central High School, mjini Louisville, Kentucky, mwaka 1960, akiwa bado anaitwa Cassius Clay. Ilikuwa shule ya Weusi, na heshima yake waliijenga Weusi wenyewe tangu enzi ambazo sheria ya jimbo iliwakataza kukaa darasa moja na Wazungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto Weusi wa mji huohuo waliomba nafasi Central wakakataliwa, na huku viti vingine vilikuwa vitupu. Kanuni ya wilaya ilisema Weusi wasizidi asilimia 50 ya wanafunzi wa shule, na Wazungu wa kutosha kusawazisha hesabu hiyo hawakuwa wameomba. Wazazi Weusi walikwenda mahakamani. Mwaka 2000 jaji aliamua kwamba Central isimkatae mtoto kwa sababu ya rangi yake.

Kanuni hiyo haikutungwa na watu waliotaka kuwanyima Weusi elimu. Ilitungwa ili kuwachanganya watoto wa rangi mbalimbali. Ndiyo maana kesi ya Central ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu anayetaka kuelewa ugomvi wa nafasi katika shule ambazo Wamarekani huziita za magneti. Hizi ni shule za umma zenye kitu cha pekee, kama sayansi, sanaa au lugha, na hupokea watoto kutoka wilaya nzima badala ya mtaa mmoja. Chanzo chake ni hukumu ya mwaka 1954 ya Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya kutenganisha wanafunzi kwa rangi. Miaka mingi ilipita bila shule kuchanganyika, kisha mahakama zikaamuru watoto wabebwe kwa mabasi kutoka mtaa hadi mtaa. Louisville ilipata amri hiyo mwaka 1975, na mitaani kukawaka moto. Wakati huo mji wa Tacoma, jimbo la Washington, ulikuwa umekwisha kujaribu njia ya upole zaidi tangu 1968: iweke shule nzuri kwenye mtaa wa Weusi, wazazi wa Kizungu watawaleta watoto wao kwa hiari.

Shule ikiwa na waombaji wengi kuliko viti, lazima wengine wabaki nje. Nani abaki?

Jibu la awali lilikuwa kutazama rangi. Mwaka 2007, katika kesi zilizotoka Seattle na Louisville yenyewe, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa rangi yake, kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliacha mlango wazi kidogo: wilaya zinaweza kuchora mipaka au kuchagua mahali pa kujenga shule zikiwa na nia ya kuwachanganya watoto. Tangu hapo wilaya nyingi zimekimbilia bahati nasibu, yaani kura. Kompyuta inampa kila mtoto namba, mwenye namba nzuri anaingia, hakuna wa kulaumiwa.

Lakini bahati nasibu huwatendea haki wale tu ambao majina yao yamo ndani. Asiyekuwepo na lake halipo. Fomu nyingi hujazwa miezi mingi kabla ya shule kufunguliwa, pengine mtoto wa chekechea hajafikisha hata miaka mitano. Mzazi aliyesoma na kukulia Marekani anazijua tarehe hizo kutoka kwa jirani, kanisani, au kwa mwenzake kazini. Sasa mfikirie mama kutoka Uvira aliyefika Louisville baada ya kukaa miaka kambini Nyarugusu. Kiswahili ni miongoni mwa lugha kuu za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika wilaya ile, kwa hiyo mama huyu si mtu wa ajabu pale. Kwake yeye shule ya serikali ni shule ya serikali; unampeleka mtoto iliyo karibu. Kwamba kuna shule nyingine ya serikali, isiyo na ada, ambayo mtu hupelekwa tu akiiomba kwa fomu ya mtandaoni, ni jambo ambalo hawezi kulihisi. Ni lazima aambiwe na mtu.

Hata aliyejaza fomu anaweza kupunjwa na namna ilivyoundwa. Boston ilikuwa na mfumo ambao mzazi aliorodhesha shule kwa mpangilio anaoupenda, na kompyuta ikajaza viti kwanza kwa walioiweka shule namba moja. Ukiweka kwanza shule inayogombewa na wengi kisha ukaikosa, shule ya chaguo lako la pili ingekuwa imekwisha kujaa watu walioiweka ya kwanza. Wazazi wajanja walilijua hilo, wakakutana kupeana mbinu: usiseme unachokitaka hasa, sema unachoweza kukipata. Wasiojua walisema ukweli wakaumia. Wanauchumi, akiwemo Alvin Roth aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2012, waliishauri Boston, na mwaka 2005 bodi ya shule ikabadili hesabu ili anayesema ukweli asipoteze kitu. Mageuzi yale yalifanyika kimyakimya, bila maandamano, na kwa maoni yangu yaliwasaidia wanyonge kuliko hotuba nyingi za haki.

Halafu kuna foleni iliyoko ndani ya kura. Kaunti ya Montgomery, Maryland, imekuwa na darasa la umma linalofundisha masomo kwa Kifaransa tangu 1974, na baadaye kwa Kihispania na Kichina. Kwa muda mrefu mtoto ambaye kaka au dada yake alikuwa ndani aliingia moja kwa moja. Tuchukue darasa la viti 26. Viti 11 vikienda kwa wadogo wa waliomo, mamia ya wengine wanagombea 15. Waliomo ni akina nani? Ni watoto wa waliosikia habari mapema. Hivyo pengo la habari la miaka ya nyuma linarithiwa kama shamba. Ripoti iliyoagizwa na wilaya, iliyotoka mwaka 2016, ilinyooshea kidole upendeleo huo, na mwaka uliofuata bodi iliuondoa uhakika wa ndugu. Sasa undugu humwongezea mtoto uzito kwenye kura, haumpi kiti.

Nakiri jambo hili lina pande mbili. Mama mwenye watoto watatu hawezi kuwafikisha shule tatu asubuhi moja, na familia za wahamiaji mara nyingi ndizo zenye watoto wengi. Zikishaingia, upendeleo wa ndugu unazifaa kuliko mtu yeyote. Tatizo ni kuingia.

Kwenye programu za lugha mbili mambo yana ladha nyingine. Mfumo huo ulianza katika shule ya Coral Way, Miami, mwaka 1963, wakimbizi wa Cuba walipokuwa wakimiminika. Shule ya Oyster, katika mji mkuu wa Washington, ikafuata mwaka 1971. Nusu ya darasa ni watoto wa Kihispania, nusu wa Kiingereza, na kila upande ni mwalimu wa mwenzake. Mgawo wa viti kwa lugha hapa unatokana na ufundishaji wenyewe: wasipokuwepo wasemaji wa Kihispania, mwalimu anabaki peke yake mbele ya watoto wanaosubiri kengele ili warudi kwenye Kiingereza. Kwa hiyo wilaya kadhaa huendesha kura mbili, moja kwa kila lugha, na nyingine humpima mtoto kwa mazungumzo mafupi ili kujua kama anasema kweli lugha aliyoandikishiwa.

Mwaka 1997 mtaalamu Guadalupe Valdés alitoa onyo ambalo bado linauma. Mtoto wa Kiingereza anayeropoka sentensi mbili za Kihispania anapigiwa makofi, ila mtoto wa Kihispania anayejifunza Kiingereza anahesabiwa kuwa ametimiza wajibu tu. Basi programu inaweza kumtumia mtoto wa mhamiaji kama kifaa cha kumfundishia mwenzake. Shule hizo zikisifika, kodi za nyumba za jirani hupanda, na familia zilizoleta lugha yenyewe huhamia mbali. Kura ya upande wa Kiingereza inakuwa na waombaji tele, ile ya Kihispania haijazi viti.

Mtihani nao si kimbilio. Thomas Jefferson, shule maarufu ya sayansi katika kaunti ya Fairfax, Virginia, iliufuta mtihani wake wa kuingilia mwaka 2020 pamoja na ada ya maombi ya dola 100, ikatenga nafasi kwa asilimia 1.5 ya wanafunzi wa darasa la nane wa kila shule. Watoto wa familia maskini, waliokuwa chini ya asilimia 1, walifika asilimia 25. Fungu la Wamarekani wenye asili ya Asia lilishuka kutoka takriban asilimia 73 hadi 54, na baadhi ya wazazi wakashtaki. Mahakama ya rufaa iliupitisha mpango huo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi mwaka 2024. Uchungu wa wazazi wale unaeleweka, maana wengi wao nao ni wahamiaji, na waliwekeza jasho kwenye mlango ambao ulihamishwa wakiwa njiani.

Louisville ilirekebisha mengi mwaka 2022. Awali shule za magneti ziliweza kumrudisha mtoto shule ya mtaani kwake kwa sababu ya tabia au alama. Mpango mpya uliondoa mamlaka hayo na kuimarisha bahati nasibu. Kisha yakaja mabasi. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, wilaya ikiwa na upungufu wa madereva na njia mpya zilizopangwa na kompyuta, watoto wa mwisho walifikishwa nyumbani ikikaribia saa nne usiku. Aprili 2024 bodi iliamua kuondoa mabasi kwa shule nyingi za magneti.

Katika mji huo kampuni ya UPS ina kituo kikubwa cha mizigo kwenye uwanja wa ndege, na kazi kubwa ya kupanga mizigo hufanyika usiku. Mzazi anayetoka zamu alfajiri, akiwa na gari moja linalotumiwa na watu wanne, anapokea barua kwamba mwanawe amepata nafasi katika shule ya upande wa pili wa mji, na kwamba usafiri ni juu yake. Katika takwimu za wilaya mtoto huyo amechaguliwa; akikataa kiti, atahesabiwa miongoni mwa waliokataa kwa hiari yao.