Mbung'o wa Unguja na somo la mionzi

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia alfa, beta na gama bila kusita, akakokotoa nusu uhai na kupata alama zote. Muulize kama mgonjwa aliyetoka kupigwa eksirei amebaki na mionzi mwilini. Hapo wengi hukwama. Watafiti wa elimu ya sayansi wamelikuta tatizo hilo katika nchi nyingi: wanafunzi huchanganya kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na kitu kinachotoa mionzi.

Mfano wa kuwatoa huko tunao hapa hapa nyumbani, na ningependa kila mwalimu wa fizikia auanzie. Kati ya 1994 na 1997, mbung'o dume waliofugwa Tanga walipigwa miale ya gama hadi wakawa tasa, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja, zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu; akimpata dume tasa, hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na ng'ombe wa kisiwa wakasalimika na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Je, wadudu wale walipeleka mionzi Unguja? Hapana. Miale iliharibu uzazi wao ikapita zake, haikuwageuza kuwa chanzo. (Nyutroni huweza kufanya hivyo, lakini hilo lina siku yake.)

Hilo likieleweka, ndipo uje mkasa wa Goiânia, Brazil, wa 1987. Waokota vyuma walibomoa mashine ya tiba iliyotelekezwa, wakakuta unga wa sizi-137 (cesium), unaotoa mionzi, uking'aa buluu gizani. Watu wakagawiana. Unga ukashika mikononi, kwenye nguo na vyakula, ukaendelea kutoa mionzi kila ulikokwenda. Watu 4 walikufa, akiwemo mtoto wa miaka 6, na zaidi ya 100,000 wakapimwa. Huko ndiko kuchafuliwa.

Nusu uhai nayo ifundishwe kwa mikono. Wape wanafunzi sarafu 100, kila moja ikisimama badala ya atomu, wazirushe, waondoe zilizoonyesha picha, wahesabu zilizobaki, warushe tena. Wataona kuwa hakuna anayeweza kutabiri ni sarafu ipi itatoka, ilhali idadi inapungua karibu kwa nusu kila mzunguko. Kisha warudishe Goiânia: nusu uhai ya sizi-137 ni miaka 30 hivi, basi ya 1987 itakuwa imebaki kiasi gani 2047? Wengi hujibu kwamba itakuwa imekwisha. Itakuwa imebaki robo.