Legnaro au Padova? Piga Hesabu Kabla ya Kulipa Pango

Ukipata nafasi ya kusoma kilimo, misitu au tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Padova, kaskazini mashariki mwa Italia, barua itakutajia Padova, na ndugu na marafiki watakushauri utafute chumba Padova. Lakini darasa lako haliko huko. Liko Legnaro, manispaa ya watu kama 9,000 iliyo kilomita 10 hivi kusini mashariki mwa jiji, kwenye kampasi iitwayo Agripolis. Kwa hiyo ule ushauri wa kawaida, kwamba ukae nje ya mji uokoe pango huku ukilipa nauli, hapa umegeuka: anayekaa mjini ndiye anayepanda basi kila asubuhi kwenda kijijini.

Legnaro ni tambarare ya mashamba, barabara moja kubwa inayotoka Padova kwenda Piove di Sacco, kanisa, maduka machache na Corte Benedettina, boma la kale la watawa Wabenedikto. Stesheni ya treni hakuna. Hata hivyo kuna mambo ambayo miji mikubwa mingi haina: maabara ya taifa ya fizikia ya nyuklia, iliyopo tangu miaka ya 1960, na makao makuu ya taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo ya kanda hiyo. Katika taasisi hiyo ndimo mtafiti Ilaria Capua alimofanyia kazi mwaka 2006 alipoamua kuweka wazi kwa wanasayansi wote taarifa za kijenetiki za virusi vya mafua ya ndege vya H5N1. Kwa mpangaji maana yake ni moja: mji ni mdogo, vyumba ni vichache, na wanaovitaka si wanafunzi peke yao bali na watafiti wageni. Ukisubiri Septemba utakuta vimekwisha.

Pango na nauli

Padova ina wakazi zaidi ya 200,000 na chuo kilichoanzishwa mwaka 1222, na makumi ya maelfu ya wanafunzi wanagombea vyumba. Chumba cha peke yako hutangazwa mara nyingi kati ya euro 350 na 500 kwa mwezi. Legnaro kwa kawaida ni nafuu, lakini usiishie kwenye tangazo.

Tuchukue namba za mfano tu. Chumba cha Padova ni euro 430, cha Legnaro 340. Tofauti ni 90. Ukiwa Padova ongeza tiketi ya basi ya mwezi. Ukiwa Legnaro huihitaji kwa ajili ya masomo, lakini utanunua tiketi moja moja kila unapokwenda mjini. Mpaka hapo Legnaro inaongoza.

Sasa weka muda. Basi huchukua nusu saa hivi, foleni ikiruhusu. Kwenda na kurudi ni saa moja, na kwa siku 20 za masomo ni saa 20 kwa mwezi. Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Yaani anayesafiri kila siku anapoteza barabarani, kila mwezi, muda sawa na wiki nzima ya kibarua. Tatizo ni kwamba kibarua chenyewe, iwe hotelini, mgahawani au ghalani, kiko zaidi upande wa Padova, na mabasi hupungua usiku, Jumapili na mwezi Agosti. Anayeishi Legnaro akimaliza zamu saa nne usiku, ajue mapema atarudi na nini. Baiskeli inasaidia kwa kuwa ardhi ni bapa, ila kilomita 10 kwenye ukungu wa Januari si mchezo.

Bili ya baridi

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Katika kanda hii sheria inaruhusu mitambo ya joto kuwashwa kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 15 Aprili, kwa saa zisizozidi 14 kwa siku. Hiyo ni nusu ya mwaka. Kwenye maghorofa ya mjini joto mara nyingi ni la jengo zima na gharama yake huingia katika ada za jengo. Nyumba za kijijini nyingi zinajitegemea, kila moja na mtambo wake wa gesi, na bili wanagawana waliomo.

Kabla ya kukubali, omba kuona cheti cha matumizi ya nishati kiitwacho APE. Madaraja yake huanzia A4, lililo bora, hadi G. Kwa nyumba kubwa ya zamani ya daraja la G wanayogawana watu watatu, zile euro 90 ulizookoa zinaweza kuishia kwenye gesi. Uliza pia kama bili zimo ndani ya pango au ziko nje, na uombe kuona bili ya Januari iliyopita. Mwenye nyumba asiyetaka kuionyesha amekwisha kukujibu.

Chakula

Mchana hakuna tofauti kubwa, kwa sababu bwalo la wanafunzi lipo hapo hapo Agripolis. Jioni ndiyo yenye tofauti. Padova ina masoko ya asubuhi ya Piazza delle Erbe na Piazza della Frutta, na nyuma ya stesheni, mtaa wa Arcella, kuna maduka ya wahamiaji ambako huuzwa mihogo, ndizi za kupika na mafuta ya mawese. Legnaro utategemea supamaketi.

Habari njema ni kwamba ugali hauhitaji safari. Watu wa Veneto, mkoa wenye Padova na Legnaro, ni walaji wa polenta, na sehemu hizi wanapenda ya mahindi meupe, hivyo unga mweupe hupatikana kwenye rafu za kawaida. Chukua ulioandikwa *fioretto*, ambao ni laini. *Bramata* ni wa chenga chenga. Wa *istantanea* uache, kwa kuwa umeshapikwa nusu na hautakupa ugali wa kueleweka.

Karatasi

Rahisi huwa ghali hasa kwenye mkataba. Chumba kisicho na mkataba uliosajiliwa kinaweza kuwa nafuu, lakini kinakunyima mengi. Mkataba unapaswa kusajiliwa mamlaka ya kodi ndani ya siku 30. Kiwango cha juu cha ufadhili wa mkoa, cha mwanafunzi aishiye mbali na kwao, kinadai uthibitisho wa pango la angalau miezi 10 karibu na mahali pa masomo. Amana isizidi pango la miezi mitatu.

Omba mkataba maalumu wa wanafunzi, wa miezi 6 hadi 36. Katika miji yenye uhaba mkubwa wa nyumba, Padova ikiwamo, mwenye nyumba anayetumia mkataba huo anaweza kulipa kodi ya asilimia 10 badala ya 21. Hiyo ni hoja ya kumpunguzisha bei.

Ukijiandikisha kama mkazi, ofisi ya manispaa hutuma mtu kuhakikisha unaishi ulikosema, kwa hiyo andika jina lako kwenye kengele na sanduku la barua. Bima ya afya ya taifa, ambayo tangu 2024 humgharimu mwanafunzi mgeni kuanzia euro 700 kwa mwaka, ni ile ile popote utakapokaa. Usiiingize kwenye ulinganisho. Na kibali cha ukaazi, kinachoombwa ndani ya siku nane za kazi tangu kuwasili, kitakupeleka polisi Padova hata ukiwa mkazi wa Legnaro.

Hukumu

Mwenye ufadhili kamili, anayeshinda maabara au kwenye shamba la majaribio, achague Legnaro: atalala zaidi na kutumia kidogo. Anayetegemea kibarua akae Padova, upande wa kusini mashariki, si ng'ambo ya stesheni. Asiyejua bado aangalie Ponte San Nicolò, manispaa iliyo katikati ya njia hiyo hiyo, ambako basi la kwenda chuoni na la kwenda mjini yote ni ya karibu. Popote utakapochagua, usitume hata euro moja kwa mtu anayedai amana kabla wewe, au mtu unayemwamini aliye huko, hajaingia ndani ya chumba chenyewe.