Kabla Hujashuka Luthuli na Doo Zako

Kompyuta yako ya gemu inakwama, na tayari umeweka akiba ya kadi ya grafiki? Tulia kwanza, msee. Mimi nilichoma Sh15,000 kwa kadi, kumbe shida ilikuwa RAM ya GB 4. Gemu ikaendelea kukwama vile vile, nami nikala sukuma wiki mwezi mzima.

Ukiwa ndani ya gemu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uangalie asilimia. GPU ikigonga 99, kadi ndiyo imechoka. RAM ikijaa, ongeza hadi GB 16. CPU ikihema na GPU imelala, badilisha prosesa. Gemu ikichelewa kufunguka tu, tafuta SSD.

Kadi nayo inakula stima: soma kwanza wati za pawa saplai yako. Pesa ya jasho haipimwi kwa kubahatisha.