Taa Isiyoamsha Karatasi

Wajukuu zangu, mmewahi kukaa ufukweni Kirumba, hapa Mwanza, usiku usio na mbalamwezi? Taa zimetapakaa ziwani kama mji unaoelea. Ni wavuvi wa dagaa. Wanawasha taa, wanasubiri dagaa wasogelee mwanga, ndipo wanashusha nyavu. Mbalamwezi ikikolea wanapumzika, maana dagaa hawaifuati tena taa.

Taa zile kazi yake ni kuita. Mimi nataka kuwasimulia taa ambayo kazi yake ni kunyamaza.

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha hapa Mwanza, zama za picha nyeusi na nyeupe. Nyuma ya studio alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na humo mkiwaka taa moja tu ya rangi ya kaharabu, kama asali. Siku moja nikasukuma mlango nimwite kula. Boksi la karatasi za picha lilikuwa wazi, na mwanga wa nje ukaingia. Kila karatasi aliyoitia kwenye dawa baada ya hapo iligeuka nyeusi tii. Hasara ya boksi zima! Nilijua nitachapwa. Badala yake, kesho yake aliniita ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Mwanzoni sikuona kitu. Macho yalipozoea, nikauona mkono wake ukitumbukiza karatasi nyeupe kwenye trei na kuitikisa polepole. Zikatokea nywele. Kisha mboni za macho. Kisha maua ya kitenge, na mara mama mzima ananitazama kutoka ndani ya maji!

"Mjomba, mbona taa hii haiharibu?"

Akanieleza. Karatasi ile imepakwa chumvi za madini ya fedha. Mwanga nao husafiri kwa mawimbi: ya buluu ni mafupi, yapata nanomita 450, ya kaharabu ni marefu kidogo, yapata 590. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo kila chembe ya mwanga inavyobeba nguvu zaidi. Ni kama kuangua embe: ukilirushia kokoto mia halitikisiki, jiwe moja zito linalishusha. Buluu ndiyo jiwe, kaharabu ni kokoto tu. Hata hivyo mjomba hakuacha karatasi wazi muda mrefu, kwa sababu kioo cha taa huvujisha buluu kidogo. Na filamu ya rangi aliishika gizani kabisa, kwani hiyo huhisi kila mwanga.

Hata Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima tangu 1971, filamu za eksirei zilisafishwa katika chumba cha namna hiyo kabla kompyuta hazijachukua kazi. Na chipu za simu mnazochezea huchorwa kwa mwanga juu ya silikoni iliyopakwa dawa inayohisi buluu na miali ya urujuanimno, ndiyo maana mafundi wake hufanya kazi ndani ya vyumba vya mwanga wa njano.

Lakini linalonigusa zaidi ni la watoto wachanga. Mtoto akizaliwa akawa na manjano, damu yake imejaa rangi ya njano iitwayo bilirubini, na mwanga wa buluu huibadili mpaka mwili ukaweza kuitoa. Mwanga huohuo ukiipata damu iliyochukuliwa kupimwa, kipimo kitasoma pungufu na daktari atadhani mtoto ana nafuu. Kwa hiyo mtoto analala chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kitambaa, huku kichupa cha damu yake kikipelekwa maabara kimezungushiwa karatasi ya alumini.