Mtandao Usiotumia Waya

Kompyuta mbili au zaidi zikiunganishwa ili zipelekeane habari, muungano huo huitwa mtandao. Njia moja ya kuziunganisha ni waya. Lakini je, kompyuta zikitenganishwa na bahari?

Mwaka 1971 Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii, nchini Marekani, walijibu swali hilo. Matawi ya chuo chao yalikuwa katika visiwa mbalimbali, na kompyuta kubwa ilikuwa katika kisiwa cha Oahu. Wakatumia mawimbi ya redio. Kila kituo kilikuwa na antena, yaani kifaa cha kurushia na kupokelea mawimbi. Mtandao huo uliitwa ALOHAnet.

Hapo likazuka tatizo. Vituo vyote vilirusha habari kwa masafa yale yale. Habari mbili zikirushwa kwa wakati mmoja ziligongana na kuharibika, kama wanafunzi wawili wanapojibu swali kwa pamoja, mwalimu asimsikie hata mmoja. Basi kila kituo kilipotuma habari kilingoja jibu kwamba imepokelewa. Jibu lisipokuja, kilikaa kidogo kisha kikatuma tena. Muda wa kukaa haukupangwa. Ulikuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo kituo kimoja kilitangulia na kingine kikafuata.

Siku hizi mitandao hii hutofautiana kwa umbali unaofikiwa na mawimbi yake. Bluetooth hufika kiasi cha mita 10. Huunganisha, kwa mfano, simu na spika. Waifai hutosha nyumba au shule. Mawimbi yake hutoka katika kifaa kiitwacho ruta, ambacho mara nyingi chenyewe kimeunganishwa na intaneti kwa waya! Vifaa vya Waifai husikiliza kwanza, na vikigongana hungoja muda wa kubahatisha, kama vile vya Hawaii. Mtandao wa simu ndio mpana zaidi. Kila mnara huhudumia eneo lake, na msafiri wa basi hupokelewa na mnara mmoja baada ya mwingine.

Mawimbi ya redio hayamchagui mpokeaji. Hupenya ukuta, ingawa hudhoofika, yakamfikia na jirani. Ndiyo sababu Waifai hulindwa kwa neno la siri, na habari zake hugeuzwa kuwa fumbo kabla ya kurushwa.

Jaribio: Mwombe mwalimu simu ya mkononi. Ifungeni kwa karatasi ya alumini mara tatu, bila kuacha upenyo, kisha ipigieni. Je, inalia? Elezeni sababu.